Rumangabo: nyumba imeuzwa, mnunuzi anapandisha bei, mpangaji afanye nini?

Mara nyingi mpangaji ndiye wa mwisho kupata habari. Mwenye nyumba ameuza, pesa zimehesabiwa mbele ya shefu na mashahidi, kisha asubuhi moja mtu asiyemjua anabisha hodi: nyumba ni yake sasa, na kuanzia mwezi ujao bei inapanda.

Rumangabo, katika teritwari ya Rutshuru, kwenye barabara ya taifa namba 2 kaskazini mwa Goma, ina makao makuu ya hifadhi ya Virunga na kambi kubwa ya jeshi. Anayefika huko kwa kazi kwa kawaida hupanga.

Sheria haiko kimya. Dekri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado inatumika Kongo, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Mnunuzi hawezi kumfukuza mpangaji mwenye mkataba wa maandishi na tarehe isiyobishika, ila kama mkataba wenyewe uliruhusu. Basi kama mlipatana dola 30 kwa mwezi hadi Desemba, ni dola 30 hadi Desemba. Muda ukiisha, mwenye nyumba mpya anaweza kuomba bei nyingine, na mpangaji akubali au atafute kwingine.

Lakini karatasi iko wapi? Wengi walipatana kwa mdomo na wanalipa mkononi bila risiti. Hapo mnunuzi ndiye mwenye nguvu, hata kama hana haki.

Kuna jambo linalouma zaidi ya bei: garanti. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Kwa pango la dola 30, hizo ni dola 90, na mwuzaji ameondoka nazo. Mnunuzi atasema hakuzipokea, na pengine ni kweli. Ndiyo maana mpangaji anayesikia kwamba nyumba inauzwa asingoje: adai garanti yake, au ahakikishe hati ya mauzo inaandika kwamba mnunuzi ataibeba.

Mnunuzi naye, kabla ya kutoa pesa, aulize nani anaishi ndani, kwa bei gani, na hadi lini.