Retina ya Bandia na Mgonjwa wa Singida

Mkoani Singida, swali kuhusu kifaa kinachowafanya vipofu waone huja likiwa na hesabu ya ng'ombe ndani yake: wauzwe wangapi ili mzee asafirishwe? Swali ni la haki. Jibu lake, hata hivyo, halianzii kwenye kifaa, bali kwenye chanzo cha upofu.

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Chembe zake hupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme, ambao neva ya jicho huupeleka kwenye ubongo. Retina ya bandia huziba pengo la chembe za mwanga zilizokufa, na hapo tu; neva isipokuwa hai, kifaa hakina wa kumpa ujumbe wake.

Argus II, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ilikuwa na elektrodi 60. Iliwekewa wagonjwa wa retinitisi pigmentosa, maradhi ya kurithi ambayo huanza kwa kutoona vizuri usiku. Waliowekewa waliona madoa ya mwanga. Waliweza kutambua mlango, si uso wa mjukuu. Mwaka 2019 utengenezaji wake ulisitishwa, na watu zaidi ya 300 wakabaki na kifaa jichoni bila fundi wa kutegemewa. Video zinazosambazwa hazisemi hilo.

Kifaa kipya zaidi, PRIMA, kina upana wa milimita 2 na hupokea picha kutoka kwenye miwani maalumu. Matokeo yaliyochapishwa Oktoba 2025 yalihusu wagonjwa 38 wa Ulaya waliopoteza uono wa katikati kwa sababu ya uzee wa retina. Kati ya 32 waliopimwa baada ya mwaka mmoja, 26 walisoma herufi vizuri zaidi kuliko awali. Ni hatua kubwa kweli. Lakini walisoma polepole, baada ya mazoezi ya miezi mingi, na 19 kati ya wale 38 walipata madhara makubwa, mengi yakiwa katika wiki za mwanzo.

Sasa turudi Ikungi, Mkalama au Manyoni. Mzee anayeweka akiba ya fedha za alizeti kwa safari ya ng'ambo huenda ana mtoto wa jicho tu: lenzi imefifia, retina nyuma yake ni nzima. Huyo anahitaji lenzi ya bandia, upasuaji usiofika saa moja, unaofanyika humu nchini. Aliyeharibiwa kioo cha jicho na trakoma hasaidiwi na retina ya bandia. Wala hasaidiwi mwenye presha ya macho, kwa kuwa neva ndiyo iliyokufa. Kwake dawa ya matone hulinda uono uliosalia, na kila mwezi wa kusubiri muujiza humpunguzia.

Mhudumu wa zahanati anaweza kuanza kutenganisha haya kwa tochi. Mboni nyeupe kwa mtu mzima huashiria mtoto wa jicho. Mboni isiyosinyaa inapomulikwa huleta shaka juu ya neva au retina. Wote wawili wapelekwe kwa mtaalamu wa macho. Mtoto asiyeona jioni achunguzwe upungufu wa vitamini A, ambao hutibika, kabla ya kudhaniwa kuwa ana maradhi ya ukoo. Na mtoto mchanga mwenye mboni nyeupe apewe rufaa wiki hiyohiyo, kwani huenda ikawa saratani ya retina, na hapo kinachookolewa kwanza ni uhai.