Kijana aliyeanguka Tudor, na umeme ulio vichwani mwetu

Juzi baada ya sala ya Alasiri, kijana mmoja alianguka kando ya barabara hapa kwetu Tudor. Mwili ulimkakamaa, mikono na miguu ikawa yatupwa huku na huku, povu likamtoka. Watu walijaa. Mmoja akasema ni jini. Mwengine akaonya asiguswe, eti povu lile huambukiza. Wa tatu akaja mbio na kijiko amtie mdomoni. Mimi nilisimama tu, sijui la kufanya. Nilirudi nyumbani nikiona haya, nikaketi kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Seli za neva, zinazobeba habari ndani ya ubongo na mwilini kote, hufanya kazi kwa umeme. Umeme huo hautoki kwenye waya, watokana na chumvi. Nje ya seli kuna sodiamu nyingi, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Ndani kuna potasiamu nyingi, ile tunayoipata kwenye ndizi. Kwenye utando wa seli kuna pampu zisizolala: kila zamu hutoa chembe 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Potasiamu nayo huvuja kidogo kidogo kwenda nje. Matokeo yake, ndani ya seli huwa na chaji hasi, kiasi cha milivolti 70 chini ya nje.

Seli ikipata ujumbe, milango midogo ya sodiamu hufunguka. Sodiamu huingia kwa kasi, kama maji ya bamvua yaingiavyo kwenye hori letu, na ndani hugeuka chaji chanya. Mara milango hiyo hufungwa, potasiamu hutoka, na mambo hurudi yalivyokuwa. Yote hayo huchukua kama sehemu 1 au 2 za elfu za sekunde. Kipande kilichoshtuka hukishtua cha pili yake, na ujumbe huenda hivyo hadi mwisho wa neva.

Jambo hili lilijulikana kwa msaada wa ngisi, huyu huyu tunayemla kwa nazi. Ana neva moja nene, inayoweza kufikia milimita 1, ambayo mtu aweza kutia waya ndani yake na kupima. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliipima na kuandika maelezo yao mwaka 1952. Mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa turudi kwa yule kijana. Kwa kawaida seli za ubongo hupokezana ujumbe kwa mpango. Katika kifafa, kundi kubwa la seli hupiga umeme kwa pamoja bila mpango, na mwili hufuata. Chanzo chaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, shida wakati wa kuzaliwa, au kuumia kichwa, na mara nyengine hakijulikani. Hakuna cha kuambukiza hapo. Dawa kama kabamazepini na fenitoini huizuia ile ile milango ya sodiamu isifunguke ovyo. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, hapo Kilifi, wamekichunguza kifafa kwa miaka mingi, na wamekuta kuwa wagonjwa wengi hawatumii dawa hizo.

Dua tuombe, na anayetaka kombe simkatazi. Lakini kombe lisimzuie mtoto kupelekwa hospitali, wala asiachishwe dawa kwa sababu wiki mbili hakuanguka.

Ukimkuta mtu ameanguka, ondoa vitu vya kumuumiza, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni: kijiko huvunja meno. Usimshike kwa nguvu. Tazama saa, zikipita dakika 5 bado yuatetemeka, mkimbize hospitali. Akizinduka, kaa naye.

Yule kijana alizinduka akakuta watu wamemzunguka, wengine wameshika simu wakimpiga picha. Alijifuta povu kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyempa hata kitambaa, na mimi nilikuwa miongoni mwao.