Sura ya Sita: Mzee, Boma na Jirani

Nyumba za zamani za Wairaqw katika milima ya Kainam, wilayani Mbulu, zilichimbiwa ubavuni mwa kilima. Ukuta wa nyuma ulikuwa ardhi yenyewe, na paa la miti na udongo lilikuwa karibu usawa mmoja na mteremko, kiasi kwamba mgeni aliyetokea upande wa juu angeweza kulikanyaga kabla hajajua kuwa amefika kwa watu. Watu walikuwa wakijificha, kwa sababu Wamaasai walikuja kupora ng'ombe. Kwa hiyo mifugo nayo ililala ndani pamoja na wenye nyumba, na moto wa kuni ulikesha. Kwenye nyanda za juu kama zile, ambako Juni na Julai baridi huingia mifupani, joto la ng'ombe halikuwa jambo la kubeza, hasa kwa kikongwe.

Nyumba ile inamfundisha mtu mengi kuhusu afya ya wazee, kwa uzuri na kwa ubaya. Bibi hakulala peke yake wala hakulala kwenye baridi. Akikohoa usiku, kuna aliyesikia. Lakini alivuta moshi usiku kucha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Anayekaa karibu zaidi na mafiga ni mwanamke, na anayekaa hapo muda mrefu zaidi ni mwanamke mzee asiyekwenda tena shambani. Kifua kinabana, kikohozi hakiishi, mtoto wa jicho anakuja mapema, macho yanakuwa mekundu. (Huko Usukumani wekundu huohuo wa macho umewaponza vikongwe wengi, wakauawa kwa tuhuma za uchawi, ilhali walichofanya ni kupika.) Mifugo nayo ina yake: vimelea vya bruselosisi na homa ya Q hutoka kwa wingi mnyama anapozaa au kutupa mimba, na katika nyumba kama ile ng'ombe alizalia hatua chache tu kutoka kwenye malazi ya watu.

Leo sehemu kubwa ya Mbulu na Hanang ni mabati na matofali, jiko limetolewa nje na zizi limesogezwa kando. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mapafu na sitaki mtu yeyote airudishe tembe, yaani nyumba ile ya kale ya udongo, kwa sababu ya kupenda mambo ya kale. Ila nyumba ilipobadilika, mpangilio wa watu ulibadilika pia, na huo hakuna aliyeukagua. Mara nyingi kijana hujenga nyumba mpya ya bati mbele, mzee akabaki katika ile ya zamani nyuma, hatua 30 au 40 hivi. Kwenye karatasi ya sensa hao ni kaya moja yenye watu wengi. Mchana, watoto wako shule, mama yuko shambani, baba yuko mnadani, na mzee yuko na kuku.

Hapo ndipo nionapo kosa letu la kawaida. Tukiuliza kama mzee anaishi na watu, tunahesabu vichwa vya usiku, wakati sehemu kubwa ya afya yake huamuliwa mchana: ana shughuli gani, nani hupita kwake, nani ataona akianguka. Chukua kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mzee aliyeanguka saa tatu asubuhi na kukutwa saa kumi jioni ameshapitwa na muda huo hata kama kaya yake ina watu 11 na hospitali ya Haydom iko jirani. Kabla ya kiharusi kulikuwa na presha, nayo huwa haina kelele. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliopima watu wa miaka 70 na zaidi waliwakuta takriban 7 kati ya 10 wakiwa na shinikizo la juu la damu. Vidonge vya presha humezwa kila siku na mtu asiyejisikia mgonjwa, kwa hiyo vinahitaji mtu wa kuuliza, "Babu, umekunywa dawa?" Anayeuliza mara nyingi ni mjukuu wa miaka tisa.

Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake nchini Marekani waliunganisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000 na kukuta kuwa wenye mahusiano imara na watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50 hivi, wa kuwa hai mwishoni mwa kipindi cha utafiti. Jambo lililopitwa haraka na wengi walioinukuu kazi ile ni kwamba vipimo vilivyochanganya mambo kadhaa, kama mtu kushiriki shughuli, kuwa na marafiki na kuwa na nafasi kati ya watu, vilitabiri uhai vizuri kuliko swali jepesi la kama mtu anaishi peke yake au la. Mwairaqw yeyote aliyekaa na wazee wake angekubaliana nalo bila tafiti 148. Mzee anayeitwa kusuluhisha kesi ya mpaka wa shamba, anayeombwa kuongoza dua kabla ya pombe kunywewa, ana sababu ya kuoga, kuvaa na kutembea mpaka kwa watu. Mwili unafuata.

Ushahidi wa wazi zaidi uko chini ya milima ya Mbulu, upande wa Ziwa Eyasi. Wahadzabe, wawindaji na wachimba mizizi wa bonde la Yaeda, ndani ya Mbulu, na wenzao wa ng'ambo ya ziwa ni kati ya watu waliochunguzwa sana duniani, pengine kupita walivyopenda wenyewe. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walipima muda ambao wanawake hutumia kuchimba mizizi porini, wakakuta kwamba wanawake waliopita umri wa kuzaa walitumia saa nyingi kuliko wasichana na kina mama vijana. Mama akijifungua na kupunguza kuchimba, unene wa mtoto wake aliyeachishwa ziwa ulitegemea kazi ya bibi. Kutokana na hapo ikazaliwa hoja, ambayo bado inabishaniwa, kwamba binadamu tunaishi miaka mingi baada ya ukomo wa uzazi kwa sababu mabibi walilisha wajukuu.

Utafiti mwingine ulichapishwa mwaka 2017 na David Samson na wenzake. Wahadzabe 33 walivaa vifaa vidogo mkononi kwa siku 20. Katika saa zaidi ya 220 za usiku zilizopimwa, ni dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja. Wenye umri mkubwa walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa, na hivyo kambi ilikuwa na macho karibu muda wote bila mtu kupangiwa zamu. Usingizi mwepesi wa mzee, ambao mjini humpeleka kutafuta dawa ya usingizi, pale ulikuwa sehemu ya ulinzi.

Jambo la tatu kwa Wahadzabe ni namna ya kukaa. Mwaka 2020 kundi la David Raichlen lilionyesha kuwa wao hupumzika kwa jumla ya karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, muda ambao haupungui ule wa watu wa nchi tajiri, lakini sehemu ya muda huo wanachuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea na kazi. Hapa niseme jambo ambalo halitawapendeza watoto wema. Heshima yetu humkalisha mzee. Mtoto akipata kazi Arusha, ishara ya kwanza ya kufanikiwa ni kumnunulia mama kiti cha plastiki na kumwambia, "Mama, jembe liweke chini sasa, umetuhangaikia vya kutosha." Mama anakaa. Ndani ya miaka miwili mapaja yamelegea, kuinuka ni shida, na kuanguka kunakaribia. Wengine humchukua hadi Dar es Salaam, nyumba yenye geti na televisheni, ambako hajui jina la jirani. Mradi uliohesabu viharusi katika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, visa vipya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai na 316 Dar. Tofauti hiyo ina sababu nyingi, chumvi na uzito zikiwemo, na sikibebeshi kiti cha plastiki lawama yote. Ila anayemhamisha mama mjini ili apate huduma ajue anachomwondolea.

Kuna kuhitajika na kuna kutwishwa, hata hivyo. Bibi aliyeachiwa wajukuu wanne, wazazi wakiwa mgodini Mirerani au kwenye vibarua, hapati faida aliyoipata bibi wa Kihadzabe aliyechimba mizizi akiwa na binti yake kando. Huyu wa kwanza hula mwisho, na kliniki yake huahirishwa kila mwezi kwa sababu hana wa kumwachia watoto.

Mpangilio wa watu unaweza pia kuvunjwa kutoka nje. Kwa Wabarabaig wa Hanang, boma la kawaida lilikuwa na nyumba ya kila mke ndani ya uzio mmoja wa miiba, na mama mzee kwa kawaida alibaki na mwanawe wa mwisho. George Klima, katika kitabu chake cha 1970 juu ya Wabarabaig, alieleza baraza la wanawake lililoweza kumtoza mwanamume faini ya ng'ombe kwa kumkosea mwanamke. Ajuza aliyenyanyaswa alikuwa na pa kwenda kushtaki. Kuanzia miaka ya 1970 mashamba saba makubwa ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua malisho bora ya Basotu na maeneo ya jirani, na hata makaburi ya wazee wa kabila yalilimwa. Kwa wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwapanga watu kandokando ya barabara. Zahanati ilisogea, hilo tusilikatae. Lakini vijana walilazimika kuhamisha ng'ombe mbali, wengine hadi Usangu na Morogoro, na maziwa yakaenda na ng'ombe. Kwa mzee asiye na meno, maziwa yalikuwa sehemu kubwa ya protini yake; yalipoondoka, alibaki na ugali na mboga.

Hukohuko Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya Gendabi na Jorodom. Walikufa zaidi ya watu 80, na Serikali ikajenga nyumba zaidi ya 100 huko Waret kwa waliopoteza makazi. Nyumba zilizosimama imara ni jambo la kushukuru. Kuhusu wazee, kuna somo kutoka Japani. Mji wa Iwanuma ulipigwa na tsunami ya Machi 2011, na kwa bahati wazee wake walikuwa wamehojiwa kwa utafiti miezi saba kabla. Baadaye baadhi walihamishwa mmoja mmoja, nyumba zikigawiwa kwa kura, na wengine walihamishwa kwa makundi pamoja na majirani zao. Hiroyuki Hikichi na wenzake walipowafuatilia walikuta waliohamishwa kwa makundi wakitembeleana na kushiriki shughuli zaidi kuliko awali, na waliohamishwa peke yao wakipungukiwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiachia familia jukumu la kwanza la matunzo, na makazi ya Serikali kama yale ya Magugu, Babati, yako kwa ajili ya wachache wasio na mtu kabisa. Jirani ameachwa njiani kati ya familia na Serikali, ilhali ndiye anayepita kwa mzee saa tano asubuhi kuomba moto au kuazima panga. Halmashauri inayogawa nyumba au viwanja baada ya maafa inaweza kupanga majina kwa vitongoji vya zamani, mzee akawekwa mlango wa pili kutoka kwa aliyekuwa jirani yake, na kazi hiyo haiongezi mfuko hata mmoja wa saruji. Muuguzi wa zahanati naye, akijaza kadi ya presha, anaweza kuongeza swali moja: jana mchana ulikuwa na nani?