Usingojee biletini: fungua kaye ya mtoto kila juma

Wengi wetu wazazi hapa Bunia tunajua hali ya mtoto shuleni mara chache tu kwa mwaka: siku biletini zinapotolewa. Siku hiyo baba anaona alama zilizo chini ya nusu, anakasirika, na pengine anashika fimbo. Lakini biletini inaeleza mambo yaliyokwisha kupita. Mtoto ambaye hakuelewa hesabu ya kutoa katika juma la tatu anaweza kukaa miezi akinakili toka ubaoni mambo asiyoyafahamu, na nyumbani hakuna anayejua.

Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutimiza elimu ya bure katika shule za msingi za umma, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinavyosema. Ni jambo la shukrani, maana watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa sababu ya minervali waliingia darasani. Lakini madarasa yalijaa. Tena vita vya Ituri vimekimbiza familia nyingi hadi mjini, na watoto wao wanaketi kwenye mabenchi yale yale. Mwalimu mmoja mbele ya kundi kubwa hivyo hawezi kumwona kila anayebaki nyuma. Anahitaji macho ya mzazi.

Mama mwingine atasema: “Mimi sikusoma, Kifaransa sikijui.” Usiogope. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia katika shule ya msingi, na Kiswahili ni mojawapo. Hata pale somo linapotolewa kwa Kifaransa, mwambie mtoto akueleze kwa Kiswahili. Akishindwa kabisa kueleza kwa lugha ya nyumbani, huenda amekariri tu bila kuelewa.

Basi tufanye nini?

1. Siku ya tano jioni, keti na mtoto dakika kumi. Usiulize, “Ulisoma vizuri?” Atajibu “ndiyo”, na mazungumzo yataisha. Uliza hivi: Juma hili mlijifunza nini kipya? Nionyeshe. Ni kitu gani kilikuwa kigumu?

2. Angalia kaye, hata kama hujui kusoma. Kurasa tupu, kazi zisizosahihishwa, au siku zisizo na maandishi zinaonekana kwa macho tu. Pengine mtoto hakufika darasani siku hizo, au haoni vizuri ubaoni.

3. Mwone mwalimu mapema, kwa heshima. Usianze na lawama. Sema: “Mwalimu, juma linalokuja mtafundisha nini, na nyumbani nisaidie wapi?”

4. Ninyi mlio katika komite ya wazazi, ombeni shule itoe habari kila siku ya kwanza: sentensi mbili au tatu za Kiswahili kwa kila darasa. Zinaweza kuandikwa kwenye ubao karibu na mlango wa shule. Mwalimu mwenye telefone anaweza pia kutuma sauti yake kwa kundi la wazazi, na hata asiyejua kusoma atasikia. Kazi hiyo haina mzigo mkubwa, kwa sababu mwalimu amekwisha kuandika matayarisho ya masomo yake.

Mwisho wa shule ya msingi kuna mtihani wa taifa. Pengo lililoanza katika darasa la pili halizibwi katika majuma machache kabla ya mtihani huo. Linazibwa juma lile lile linapoonekana, kwa mawe ya kuhesabia na mtu wa kumsikiliza mtoto.

Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawapa wazazi kazi ya kufundisha watoto nyumbani na njiani, asubuhi na usiku. Mwalimu ni msaidizi wetu. Hatuwezi kumwachia mtoto peke yake. Juma hili, kabla ya siku ya Mungu, kila mzazi afungue kaye moja.