Robo Moja kwa Kila Mimba: Meiosisi na Urithi wa Selimundu

Wazazi wa Kinyerezi wanaoelezwa kwamba mtoto wao ana selimundu huweza kuondoka kliniki na swali zito kuliko dawa walizopewa: ugonjwa umetoka kwa nani? Jibu limo katika meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai ya mwanamke na mbegu za mwanamume.

Seli ya kawaida ya mwili ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Kabla ya kugawanyika, kila kromosomu hujinakili. Katika mgawanyiko wa kwanza, kromosomu za jozi moja hukaribiana, hubadilishana vipande, hujipanga katikati ya seli, kisha hutengana. Katika mgawanyiko wa pili, nakala zilizoshikamana nazo huachana. Hatimaye kila seli ya uzazi hubaki na kromosomu 23. Kwa mwanamume, kazi hii huanza wakati wa balehe, na seli moja hutoa mbegu nne. Kwa mwanamke, huanza angali tumboni mwa mama yake, husimama kwa miaka mingi, na hukamilika yai linaporutubishwa.

Jeni ya selimundu imo katika kromosomu ya 11. Mwenye jeni moja yenye kasoro na moja nzima ni mbebaji: kwa kawaida haugui, na huenda asijijue. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa utafiti wake Afrika Mashariki, kwamba wabebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu jeni hiyo imeenea huku.

Jozi hiyo inapotengana, nusu ya seli za uzazi za mbebaji huchukua jeni yenye kasoro. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa mtoto mgonjwa, nusu wa mtoto mbebaji, na robo wa mtoto asiye nayo kabisa. Mtoto wa kwanza akiugua, wa pili hakingiwi kwa hilo. Hesabu huanza upya.

Kwa hiyo lawama ya upande mmoja haina msingi: mtoto huyo amerithi kwa wazazi wote wawili, na hakuna aliyechagua. Mhudumu na awaite wote wawili, awaeleze pamoja. Kipimo cha damu kabla ya ndoa au mimba huwapa wachumba maarifa ya kuamua. Na mtoto anayepimwa mapema, akapata penisilini, chanjo na haidroksiyurea kwa ushauri wa daktari, ana tumaini kubwa zaidi la kukua.