Malipo ya Ugunduzi na Mwendo wa Mchezo: Ndai na Vitendawili katika Kitui na Makueni

Mchezo wa kompyuta uitwao Master of Orion, uliotolewa mwaka wa 1993, humwanzisha mchezaji na sayari moja tu. Nyota nyingine zote zimo gizani. Hana budi kutuma vyombo vya upelelezi, naye hulipwa kwa ugunduzi wake: sayari yenye rutuba, mabaki ya ustaarabu uliokwisha kufa, na hatimaye sayari ya Orion yenyewe, isiyotwaliwa mpaka mlinzi wake ashindwe. Michezo ya jinsi hii ina udhaifu mmoja. Mwanzo wake huvutia kwa kuwa kila nyota ni swali. Lakini ramani ikishajaa, milki huwa mzigo, na mchezaji hubaki kuwa karani wa mali aliyoikusanya.

Mtafiti wa fasihi simulizi hana haja ya kwenda angani ili kulitazama tatizo hili. Katika Kitui na Makueni mtoto aweza kukutana na michezo miwili ya ugunduzi: ndai ya Kikamba nyumbani, na kitendawili cha Kiswahili shuleni. Mtoa ndai husema "Kwata ndai", na mpokeaji hujibu "Nakwata". Kitenzi chenyewe ni kushika, na mzizi wake umo pia katika Kiganda kwa maana iyo hiyo. Fumbo hukabidhiwa kama kitu kinachotiwa mkononi. Kiswahili kimechagua istiara nyingine. Jibu la "Kitendawili" ni "Tega", na kulifumbua fumbo ni kutegua, kitenzi kilichoundwa kwa kiambishi kile kile cha kutendua kinachoitenga fungua na funga. Kwa hiyo msikilizaji wa ndai hupokea amana, hali msikilizaji wa kitendawili ni windo. Vitabu vya shule huzipita fomula hizi upesi, kana kwamba ni salamu tu.

Lililo na uzito zaidi ni malipo. Msikilizaji wa kitendawili akishindwa, mtegaji hudai: "Nipe mji." Mtoto wa Mutomo aweza kujaribu kumridhisha mwenzake kwa Kibwezi, ng'ambo ya Mto Athi. Mwenzake aweza kuukataa, akapandishiwa hadi Wote, au Kitui, na pengine Mombasa. Mji ukishakubaliwa, mtegaji husimulia jinsi alivyokwenda huko, akapokewa, akala, akanywa. Ndipo atoe jibu. Nyumba isiyo na mlango ni yai, lakini yai hilo halitajwi mpaka safari ya Mombasa iishe.

Mji huo hauwekwi akiba. Hutumiwa papo hapo katika masimulizi, kisha hurudi katika hazina ya wote, na kitendawili kifuatacho chaweza kuudai tena. Hakuna anayelala usiku huo akiwa na miji 20 ya kusimamia, na kwa hiyo mwendo wa mchezo haulegei kama ulegeavyo katika michezo ya anga. Tena, hapa alipaye ni yule aliyeshindwa kugundua, na alipalo ni gharama ya kusubiri: wakati safari inaposimuliwa, bado anaweza kuendelea kuliwaza jibu. Huenda wakawapo watakaosema kwamba mji ni pambo tu la mchezo. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani pambo halibishaniwi bei.

Mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, uliweza kumtaka mtahiniwa ategue kitendawili kwa kuchagua moja kati ya majibu manne. Mtihani haulaumiwi kwa kuwa mtihani. Hata hivyo, jibu sahihi lilikuwa limekwisha wekwa mbele ya macho, likiwa limechanganywa na matatu yasiyo sahihi. Kugundua kukawa kuteua. Mji haukudaiwa, na kwa sababu hiyo hapakuwa na safari wala subira. Kitabu kinachopanga mafumbo katika safu moja na majibu katika safu ya pili hufanya vivyo hivyo, tena kwa haraka zaidi.

Ngano huustahimili uchapaji vizuri kuliko fumbo. Akamba Stories, kitabu cha John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, kilichotoka mwaka wa 1966, chaweza kusomwa na kufurahiwa na mtu aliye peke yake. Ndai na kitendawili haviwezi kwa kiasi hicho, kwa kuwa sehemu kubwa ya uhai wao imo katika nafasi iliyo kati ya swali na jibu. Mkusanyaji anayetembea leo kati ya Mwingi na Mtito Andei angefaa, pamoja na fumbo na jibu lake, kuandika pia majibu yaliyokosewa na nani aliyeyatoa, miji iliyotolewa na ile iliyokataliwa, maneno ya safari, na muda uliopita kabla ya jibu kutajwa.