Ngisi Anayefuta Kivuli Chake

Kivuli cha mwewe kikipita uani, kuku huwakusanya vifaranga wake na kukimbilia chini ya kichanja. Hatari yake hutoka juu, na kivuli ndicho kinachomtonya. Sasa teremka mita 300 baharini, uone mambo yalivyogeuka. Huko adui yuko chini, macho kayainua juu, na hicho kivuli ndicho anachokisaka. Mwanga wa jua unaofika kina hicho ni wa buluu na hafifu sana, lakini unatosha kumfanya kila anayepita aonekane kama doa jeusi darini. Hakuna mwamba wa kujibanza wala mwani wa kujifunika. Ngisi mmoja mdogo wa bahari za Japani ameipatia shida hii dawa: anawasha tumbo.

Wajapani humwita hotaru-ika. Hotaru ni kimulimuli, na ika ni ngisi. Jina lake la kisayansi ni Watasenia scintillans, na sehemu ya kwanza inamuenzi Watase Shozaburo, mwanazuolojia aliyekwenda kuzichunguza taa zake mwaka 1905. Ukimpima bila mikono, ana sentimita 6 au 7 hivi, jike akimzidi dume kidogo. Ana mikono 8 na minyiri 2 mirefu kama ngisi wengine, na mbali na vikombe vya kunatia ana kulabu ndogo za kukamatia. Chakula chake ni viumbe wadogo wa jamii ya kamba wanaoelea majini.

Kinachomtofautisha ni taa, na za kutazamwa kwanza ni zile ndogo. Ni mamia kwa mamia, kama nukta za sindano, zimetapakaa kwenye ngozi ya tumbo, upande wa chini wa kichwa, na kwenye bomba analosukumia maji. Mgongoni huzikuti. Mpangilio huo peke yake unatuambia anamwogopa nani. Ngisi hulinganisha mwanga wa tumbo na ule unaoshuka kutoka juu, na adui aliye chini akitazama, lile doa jeusi halipo. Baadhi ya taa hizo hutoa buluu na nyingine kijani. Sisi tumezoea kuiona taa kama kitu cha kujionyesha. Huyu anaitumia kujificha.

Kundi la pili ni taa 5 zilizojipanga mstari mmoja chini ya kila jicho. Nazo zinaelekea chini, na mantiki ni ileile: jicho ni kitu cheusi kisichoweza kufanywa kiangavu, kwa hiyo nalo linahitaji kufutiwa kivuli.

Kundi la tatu ndilo lililompa umaarufu. Kwenye ncha za mikono miwili ya upande wa tumbo kuna taa 3 kila mkono, kubwa kuliko zote, zenye buluu kali. Zimefunikwa na seli za rangi nyeusi ambazo ngisi huzifungua na kuzifunga kwa haraka, mithili ya mtu anayefunua na kufunika karabai. Hizi hazifichi kitu. Inadhaniwa kwamba humzuga adui: mwako wa ghafla, kisha giza, na mwenyewe keshatoweka.

Mwanga wenyewe ni kemia, na hauna joto la kuunguza. Kimeng'enya kinaunganisha kemikali maalumu na oksijeni, kwa msaada wa ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya kuendesha seli za mwili. Vimulimuli wa shambani nao wanatumia ATP, ingawa kemikali yao ya mwanga ni nyingine kabisa.

Macho yake nayo yana ajabu yake. Ngisi na pweza walio wengi wana aina moja tu ya rangi ya kunasa mwanga machoni, kwa hiyo hudhaniwa hawatofautishi rangi. Hotaru-ika ana tatu, zinazonasa vizuri zaidi mawimbi ya nanomita 470, 484 na 500, yaani kati ya buluu na kijani. Huenda rangi hizo zinamsaidia kutenganisha mwanga wa jua na mwanga wa ngisi mwenzake.

Makazi yake ni Bahari ya Japani, Bahari ya Okhotsk na pwani ya Pasifiki ya Japani. Mchana hukaa kati ya mita 200 na 600, na usiku hupanda kutafuta chakula. Ukimtaja Japani, watu hukutajia Ghuba ya Toyama, na tangu 1952 eneo la bahari wanakokusanyika huko limetambuliwa kuwa urithi maalumu wa asili. Lakini umaarufu usitudanganye: mkoa wa Hyogo, wanakotumia nyavu za kukokota, kwa kawaida huvua wengi zaidi. Toyama ina bahati ya umbo. Sakafu ya ghuba hiyo huporomoka hadi zaidi ya mita 1,000 karibu sana na nchi kavu, hivyo kiumbe wa vilindini anaweza kufika karibu na mlango wa wavuvi.

Wanaofika ni majike, karibu wote, kuanzia Machi hadi Juni. Wameshapandana na madume, wamebeba mbegu zao nyuma ya shingo, na wanakuja kutaga. Maisha yao yote ni mwaka mmoja. Nyavu za kutega zikivutwa kabla ya alfajiri, ngisi hushtuka na bahari yote huwaka buluu.

Usiku wa mwezi mwandamo, wengine husukumwa na mawimbi hadi ufukweni. Wenyeji huja na ndoo na nyavu ndogo za mpini, maji yakiwafika magotini. Ngisi wamelala kwenye mchanga, ncha za mikono zikimetameta, na tumbo lenye taa zake mamia limegusa ardhi, pasipo na adui yeyote chini yake.